Nilimchagua Aliyenyamaza

Watu wa kwetu Choma wakiulizwa habari zangu husema, "Yule? Alichagua mwenyewe." Nimelisikia neno hilo mpaka nimeota mvi, na sasa nimechoka nalo. Majina sitaji, wana wajukuu. Nitamtaja kila mtu kwa alilofanya, mwenyewe atajijua.

Enzi hizo msichana akitoka mnadani peke yake, vijana walimzunguka njiani na fimbo zao na redio begani. "Chagulaga, mayu!" Yaani chagua, mama, mmoja wetu. Kukataa hakukuwepo. Ukipiga kelele, mtu aliye shambani anainua kichwa, anacheka, anaendelea kulima. Kwake huo ni mchezo wa vijana. Mama alinifundisha kukamua na kutwanga, ila kuhusu siku hiyo aliniambia hili tu: "Ukizungukwa chagua upesi, wasije wakakupiga." Simlaumu sana, naye alizungukwa. Lakini namtaja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, ndoo ya chumvi na sabuni kichwani. Walikuwa saba. Sita walishindana kunadi mali.

"Mayu, kwetu kuna ng'ombe mpaka wengine hatuwajui!"

"Huyo mwongo, ana mbuzi mmoja, tena kilema! Mimi nina kitanda cha chuma!"

Wakaangua kicheko. Wa saba alisimama pembeni anatazama chini, kimya. Alikuwa rafiki wa kaka yangu, tumechunga naye. Nikawaza kwa akili yangu ya kitoto: huyu mpole, nikimtaja huyu atanisindikiza nyumbani tu. Nikamnyooshea kidole.

Upole wake uliishia hapo. Mengine siyaandiki. Nilirudi nyumbani bila ndoo. Baba hakuuliza nimefanywa nini, aliuliza, "Nani alimchagua huyo kijana?" Nikasema, "Mimi." Akasema basi, hakuna kesi. Tumbo lilipoonekana nikapelekwa kwa huyo mpole, nikala fimbo zake miaka tisa, mpaka nilipotoroka kuja Tabora na khanga mbili, nimemshika mtoto mkono.

Sasa ninaishi Itetemia, nalima mchicha, nauza mjini. Binti yangu wa mwisho, ambaye baba yake ni mtu mwingine, yuko kidato cha pili. Alipovunja ungo nilimketisha jikoni nikamweleza yote, mwili wake na njia yangu ya mnadani, bila kuficha. Niliona aibu mpaka jasho likanitoka, lakini nilimaliza. Shuleni kwao nako huja muuguzi wa zahanati kuwafundisha. Binti anarudi anasema mambo ya mwili waziwazi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Likizo ya Juni mwaka huu kaka yangu alikuja kutoka Choma kumwomba huyo binti akawasaidie kuvuna mpunga. Alitukuta tunakula mchana, tukamkaribisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ee, umerefuka! Ukizidi utatoboa bati la mama yako."

Nikamwambia, "Kaka, akavune mpunga, au akazungukwe?"

"Wewe nawe! Hayo yamekwisha. Siku hizi vijana wanatongozana kwenye simu."

"Yamekwisha, au yamehamia huko?"

Akacheka. Binti hakucheka. Akauliza taratibu tu, "Mjomba, siku ile mama alipozungukwa, wewe ulikuwa wapi?"

Mimi sijawahi kumuuliza. Siku zote nilijua alikuwa machungani. Kaka akatazama mlangoni, akanitazama, akaweka tonge lake chini.

"Nilikuwepo," akasema. "Nyuma ya kichuguu. Nilikuwa nawashikia baiskeli."

Nikamgeukia.

"Nilisikia wamepanga kukuzunguka. Wale wengine walikuwa wakali, mdogo wangu. Nikamwita rafiki yangu, nikamwambia asimame pembeni, anyamaze, wewe utamchagua. Nilikujua. Nilidhani nakusaidia."

Nilikaa pale na mkono kwenye sahani. Miaka yote hii nimejilaumu kwa kidole kile, kumbe nacho kilishapangwa na watu wawili kabla sijafika. Nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini alikuwa analia, mzee mzima, na naamini kweli alidhani ananisaidia. Kaka wa siku ile, kijana tu, hakujua kwamba angeweza kutoka nyuma ya kichuguu akasema mwacheni dada yangu. Hakuna aliyemfundisha, kama mimi tu. Hiyo haimsafishi. Nimemtaja.

Binti akachukua jagi na beseni, akapiga goti, akamnawisha mjomba wake mikono.

"Mjomba, mimi siji Choma."

Alisema mara moja, kwa adabu, bila kutoa sababu. Nikasubiri abembelezwe, atishwe, aambiwe mtoto wa siku hizi hana heshima.

Kaka akakung'uta maji vidoleni. "Sawa, mwanangu," akasema.