Mkanda wa Harusi Uliogoma Kucheza

Mtaani walimwita Mama Diski, kwa kuwa chumba chake nyuma ya saluni kilijaa diski hadi dirishani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akirekodi harusi na mahafali ya watu. Ukweni, ujuzi huo ulihesabiwa kama kufuma vitambaa: jambo zuri, mradi mtu asikae bure. Mtaalamu wa familia alikuwa mdogo wa mumewe, aliyeitwa Injinia. Uinjinia hakuusomea popote. Alijipa mwenyewe, na kwa kuwa alitembea na kalamu mbili mfukoni, hakuna aliyeuliza.

Mwaka huo wifi yake wa mwisho aliolewa ng'ambo, akatuma mkanda wa harusi kwa simu. Baba mkwe, mpima ardhi mstaafu, hakuona kitu kwenye kioo kidogo namna ile. Alitaka kumwona bintiye kwenye runinga, kwa deki yake ya siku zote.

"Niachieni mimi," Injinia akasema. "Ni kazi ya dakika mbili."

Na kweli, zilikuwa mbili. Alifuta herufi za mwisho kwenye jina la faili, akaandika DVD, akachoma diski kumi na mbili na kuwagawia shangazi na wajomba. Kila diski ilikuwa na jina lake kama mtayarishaji.

Jumamosi mchana sebule ikafurika. Deki ikaimeza diski, ikaguna, ikaandika kwamba haisomeki. Injinia akaipangusa kwa shati. Haisomeki. Akajaribu ya pili, ya tatu, kisha akatangaza kwamba deki imezeeka, akaulizia bisibisi.

"Jana imecheza mpira mechi nzima," mama mkwe akasema.

"Mpira ni mwepesi, mama. Harusi ina mambo mengi."

Mama Diski alikuwa akimimina chai muda wote huo, kama mkwe mwenye adabu. Adabu ikamwishia.

"Shemeji, umeugeuza mkanda, au umebadilisha jina tu?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Nikikuandika 'Daktari' kwenye hilo shati, utampasua mtu?" Akamgeukia baba mkwe. "Baba, deki haielewi mkanda wa simu. Picha na sauti lazima zipangwe upya kwa namna inayoijua, ndipo zichomwe. Nipeni faili lenyewe."

Injinia akalitoa kwa huzuni ya mtu anayewaonea huruma wajinga.

Chumbani kwake, kompyuta ilinguruma kwa saa tatu. Diski ya kwanza ilisomeka, ila bibi harusi alikuwa amevutwa kulia na kushoto, mfupi na mnene kama pipa. Mama Diski akarekebisha upana, akaanza upya.

Jioni aliporudi, deki ilicheza bila kuguna. Mzee alisogeza kiti, akavua kofia. Miaka sita hakuwa amemwona mtoto wake.

"Amekonda," akasema taratibu. Kisha, "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Pale anapocheka."

Mama Diski akarudisha. Akarudisha tena.

Injinia alikuwa amesimama kando ya runinga akiwaeleza wajomba kwamba yeye ndiye aliyeweka msingi, shemeji akamalizia vidogo vidogo. Wajomba waliitikia kwa vichwa.

"Injinia," mzee akamwita, macho hayajabanduka kwenye kioo, "sogea. Unamziba dada yako."