Siku Niliyosoma Kipofu Mmoja Mahali pa Wawili

Mutu asinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeificha hata watoto wangu, ila leo nasema. Wakati wa Wabeleji nilikuwa mwalimu wa kanisa dogo kule Wamaza, kijana, suruali nyeupe, najiona nimebeba Biblia nzima kichwani (nusu yake sijawahi kuifungua), na siku moja ya soko nilienda Kabambare na watu wangu saba waliobakiza juma moja tu wabatizwe.

Tukasimama kumsalimia Baba Ramazani, fundi wa nguo, Mwislamu wa Kasongo, naye huku anashona akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, pale Yeriko Yesu aliponya vipofu wangapi? Mukristo mumoja aliniambia mumoja, mwingine wawili. Kitabu kikijipinga chenyewe, mutu atakiamini namna gani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini watu walishajaa, nikajibu, "Mumoja, kila mahali!" nikafungua Marko, kweli mmoja, wakapiga makofi, nikafungua Matayo, macho yakaona wawili, na mdomo wangu (Mungu anisamehe) ukasoma mmoja.

Mama Elisabeti, mmoja wa wale saba, niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe, alikuwa anachungulia begani pangu. Akaweka kidole.

"Vi-po-fu wa-wi-li. Mwalimu, hapa iko wawili."

Nikasema macho yananisumbua tangu asubuhi. Baba Ramazani, mutu wa huruma, akavua miwani yake akanivalisha, dunia yote ikawa uji, nikarudi nyuma hatua mbili, nikakaa ndani ya beseni la mawese la mama mmoja muuzaji.

Soko lote lilicheka. Niliinuka matako mekundu, mafuta yanachuruzika mpaka viatuni, nikavua miwani, na hapo nikaona wale saba wangu hawacheki. Wananitazama tu. Ndipo nikaogopa kweli.

"Nimedanganya," nikasema. "Imeandikwa wawili. Kwa nini huku mumoja na kule wawili, mimi sijui."

Mama Elisabeti akamgeukia fundi.

"Baba Ramazani, nikisema jana nilikutana na chifu njiani, na bibi yake alikuwa naye lakini sikumutaja, nimesema uongo?"

Fundi akasimamisha mashini, akafikiri.

"Hapana, mama. Hujasema uongo. Lakini ningali na maulizo mengine."

"Uliza, baba. Lakini huyu asisome tena. Nitasoma mimi."

Wakacheka tena, safari hii na wale saba pamoja, na mimi nikacheka karibu nilie. Njia nzima ya kurudi nilingoja mmoja aseme anaacha, na hakuna aliyesema. Juma lililofuata wote saba waliingia majini, nami nikashusha pumzi niliyoibana tangu Kabambare.

Basi tangu ile siku, nikiulizwa nisilolijua, nasema "sijui" haraka haraka, kabla mdomo wangu haujaanza kazi yake.