Tunu Hapendi Maji Baridi

Kama hujawahi kwenda mpirani na Mwanamvua, basi hujui raha ya kupata nafasi. Siku moja tulikuwa Ruangwa, kuna mechi, watu wamebanana huwezi hata kujikuna. Pembeni yetu kijana mmoja mgeni, nadhani alikuja na mambo ya dhahabu kule Namungo, anakula njugu zake. Kijana ana adabu, akamkaribisha mama. Mwanamvua akachota, akatafuna, kisha akasema bila hata kuulizwa:

"Ahsante, mwanangu. Mimi naitwa Mwanamvua, natoka Mbekenyera. Naosha maiti."

Kijana akaangalia njugu. Akaangalia mkono uliotoka kwenye njugu. Akatuachia mfuko mzima, akaenda kusimama kwenye jua.

"Unaona, mtani?" Mwanamvua akaniambia, anatafuna. "Kazi yangu inalisha."

Mimi ni mtani wake. Ukoo wao na wa kwetu wanataniana toka kwa mababu, kwa hiyo mimi naruhusiwa kumwita mchawi mbele za watu na kumfichia viatu msibani, na yeye anaruhusiwa kusema nilizaliwa siku ambayo mama alikosa kazi ya kufanya. Hakuna kukasirika. Akikasirika mtu, kashindwa. Naeleza hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kuniuma.

Kazi ile alifundishwa na shangazi yake, akiwa bado kijana, kabla mumewe hajafa. Wengine wanaifanya kwa sababu hakuna mwingine. Yeye aliipenda. Mke wangu Saada anamsaidiaga kumimina maji, na anasema ukiwa mle ndani utadhani mama anaogesha watoto. Anaongea nao. "Inua mkono, dada. Enhe. Sasa geuka kidogo, usiwe mzito kama mumeo." Anawachana nywele. Anawasafisha kucha za shamba, zile zenye udongo wa miaka, mpaka zinakuwa kucha za bibi harusi.

Akitoka hapo anatangaza. Kliniki anatangaza, gulioni anatangaza, mwenye bodaboda akimuuliza "Twende wapi mama?" anajibiwa kazi kabla ya safari. Alikuja mganga mpya wa zahanati, akapita nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Mwanamvua akamwambia, "Karibu sana. Wakikushinda, uniite mimi." Yule bwana alicheka wiki nzima, lakini mkono hakumpa.

Mkono hapewi. Watu wanamheshimu, wanamsalimia kwa mbali na kumuinamia, ila mkono wanauogopa. Yeye anafurahi, anaunyoosha makusudi aone nani atarudi nyuma.

Ila usije ukamuuliza alichokiona. Hapo mdomo wake unafungwa kama ghala. Nilimchokoza miaka. "Mtani, hivi marehemu Mzee Lukumani ni kweli alikuwa na kovu pale tunapodhani?" Akanijibu, "Utamkuta, utamuuliza mwenyewe."

Alikuwa na mtoto mmoja, Tunu.

Sasa Tunu, mtoto wa watu, hakupenda. Shuleni akipeleka mihogo ya kuchemsha wenzake hawali. Wakicheza kushikana mikono, mnyororo unakatika kwake. Mama anasema "Watazoea." Hawakuzoea. Watoto wanazoea vingi lakini siyo hicho. Nilikuwa namwona anarudi na kikapu chake kimejaa vilevile, anakaa nyuma ya nyumba anakula peke yake mpaka kiishe, mama asijue.

Akakua, akapata mchumba. Adinani, fundi simu, ana kibanda chake Nachingwea mjini. Kijana mtulivu, na mama yake mtu wa dini na mwenye maneno machache. Kabla wakwe hawajaja, Tunu alimkalisha mama yake barazani. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuomba chumvi, nikakaa nayo mkononi.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Hao watu wakikuuliza, sema unalima."

"Si nalima kweli?"

"Ndiyo. Sema hilo, uishie hapo."

"Na ile nyingine?"

"Ile usiseme. Siyo siku hiyo tu. Usiseme kabisa, kwao usiseme. Nataka niende mahali nikipika watu wale."

Mwanamvua alimwangalia mwanawe. Nikangoja apige kicheko chake kile. Hakucheka. Akasema, "Haya. Nakuahidi." Kisha akanigeukia: "Na wewe, masikio, rudi kwako na chumvi yako."

Siku ya harusi nilicheka mpaka nikatolewa nje. Mjomba wa bwana harusi alimuuliza, kwa adabu tu, "Na mama unajishughulisha na nini?" Mwanamvua akafungua mdomo, akaufunga, akameza kitu kama nyama isiyoiva. "Nalima ufuta," akasema. Jasho linamtoka. Mjomba akampa mkono, wakwe wote wakampa mkono, mmoja mmoja, na yeye anauangalia mkono wake kana kwamba umeazimwa. Njiani nikamwambia, "Mtani, leo umekuwa mtu wa kawaida. Pole sana." Akasema, "Nyamaza. Umemwona Tunu alivyokuwa anagawa wali? Watu wanagombania."

Tunu alikaa vizuri huko. Kila tukienda Nachingwea tunamkuta kanenepa, jikoni kwake hakukauki majirani. Mwanamvua anashika ahadi yake. Anafika kule, analima ufuta siku mbili tatu kwa mdomo, akirudi tu, akishuka kwenye pikipiki, anamtangazia mtu wa kwanza anayemwona. Hata mbuzi.

Halafu mwaka jana, mvua zimeanza, Tunu akashikwa na homa. Ilikuwa homa kama homa nyingine. Adinani alimpeleka hospitali, wakahangaika naye, lakini ilikuwa imeshamzidi. Simu ilikuja alfajiri. Tulikodi gari Ruangwa, mimi, Saada, Mwanamvua na ndugu wengine, na njia nzima Mwanamvua kashika mfuko wake wa kazi mapajani. Mfuko ule una kitana, pamba, karafuu maiti, na kanga zake za kuvaa akiosha. Nilidhani kwa hiyo ameshaamua kumwosha mwenyewe.

Tumefika, watu wamejaa, ufuo umeshachimbwa chumbani, kile kishimo cha kupokea maji ya maiti. Mwosha wa pale, Bi Somoe, mtu mzima na anaijua kazi, yuko tayari na wenzake.

Sasa wale watu wana desturi yao. Mama mzazi hasogei kwenye maji. Wanamweka chumba cha pili, wanawake wanamshika huku na huku, wanasema akiingia atamwangukia mtoto. Mwosha ndiye asiyekatazwa mlango, hata marehemu awe nani wake. Yaani Mwanamvua alikuwa anahitaji neno moja. Neno ambalo kalisema mpirani, kliniki, kwa mbuzi. Angesema hilo tu, Bi Somoe angempisha, na angemwosha mwanawe kwa mikono yake.

Hakulisema. Alikaa chini, akashikwa huku na huku, mfuko kaukalia.

Saada akafungua mdomo amsemee. Mwanamvua akamkamata kifundo cha mkono akambana, mpaka leo mke wangu anauonyesha mkono ule. Ndipo Saada akatoka nje kunitafuta. Mimi nilikuwa kazini kwangu. Nimejifunga kanga, nimevaa sufuria kichwani, nimewaambia wakwe mahari ilikuwa ndogo kwa hiyo tumekuja kumchukua mwenzetu. Watu wanalia na kucheka, ndiyo kazi ya mtani msibani, asiyejua ataona wazimu.

Saada akanivuta. "Hasemi! Wataanza sasa hivi na yeye hasemi! Mtani ni wewe, unaruhusiwa kusema lolote, nenda kaseme!"

Nikaona kweli. Nikaenda mpaka mlango wa ndani, nikatanua mikono, nikapiga kelele: "Jamani! Mnaosha nini na mwosha mmemfungia chumba cha pili? Huyo mama ndiye mwosha wa Mbekenyera nzima! Ameosha watu toka mimi sina ndevu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Watani wa Mbekenyera wana midomo!" akasema mzee mmoja, anajifuta machozi. "Eti mwosha! Mama wa watu mkulima wa ufuta!"

"Na wewe ndiye muuza sanda?" mwingine akadakia.

"Wallahi nasema kweli!"

Wakazidi. Kwani mtani gani asiyeapa? Nikavua sufuria. Nikavua kanga. Nikawaambia, ndugu zangu, sasa siyo utani, naongea kama mtu. Hapohapo nikaanza kulia, kulia kwa kweli, kamasi zinatoka. Mama mmoja akapiga makofi. "Huyu analia vizuri huyu! Mpeni uji!" Wakaniletea uji.

Yaliyoendelea ndani nimeyapata kwa Saada. Mama Adinani alisikia kelele zangu, akamwinamia Mwanamvua. Alikuwa anauliza kweli, hakuwa anacheka.

"Mkwe wangu, eti mtani wako anasema wewe ni mwosha?"

Mwanamvua aliuangalia mlango ule, pale palipokuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia vyombo vinagongana.

"Mtani huyo, mkwe," akasema. "Usimsikilize. Ndiyo kazi yake."

Wakaanza. Ukiwa chumba kile unasikia kila kitu. Maji yanaingia kwenye ndoo. Kata inazama. Kisha ule mmiminiko wa kwanza. Mwanamvua alikuwa kafumba macho na vidole vyake vinatembea juu ya paja, vinamfuata Bi Somoe, upande wa kulia, kisha wa kushoto, anajua hatua wamefika wapi. Ghafla akafumbua macho.

"Maji yamepashwa?" akauliza kwa nguvu.

Kule ndani kata ikawekwa chini. Bi Somoe akajibu, "Ya kisimani, mama. Kwani vipi?"

"Yapasheni kidogo. Huyo toka mdogo hapendi maji baridi."

Wale waliomshika wakaanza kulia upya. Bi Somoe, Mungu ampe kheri, hakubisha. Alimtuma mtu jikoni na sufuria, maji yakapashwa, wakaanza tena. Na Mwanamvua akaanza kuongea, kwa sauti ya chini, kuelekea kwenye pazia. "Inua mkono, mwanangu. Enhe. Sasa geuka kidogo." Wakadhani anaweweseka kwa uchungu. Wakampepea kwa kanga. Ni Saada peke yake aliyejua kuwa yule alikuwa anafanya kazi.

Tulizika mchana. Mimi mtani ndiye niliyepaswa kuingia kaburini nilale, nikatae kutoka mpaka wanibembeleze. Niliingia. Kutoka ndiko nilikoshindwa, walinivuta.

Niliongea naye tukiwa tumeshapita arobaini, anapepeta ufuta wake nyumbani. Nilikuwa na hasira nilizokaa nazo.

"Mtani, uliyemwahidi kafa. Ahadi gani tena ile?"

Akapepeta kwanza. "Angekuwa hai ningeweza kumwomba anirudishie," akasema. "Sasa nitamwomba nani?"

Nikachukua ungo mwingine, nikapepeta naye.

Kuosha anaosha bado. Akiitwa anakwenda, na siku hizi hagusi mtu mpaka maji yapashwe, hata joto liwe la namna gani, hata kuni ziwe mbichi. Ila kusema hasemi. Wenyewe wa Mbekenyera tunamjua, lakini mgeni akiuliza, anajibiwa ufuta.

Mwezi uliopita tulikuwa naye soko la Ruangwa. Muuza samaki mpya, mchangamfu, anaitwa Ismaily, anataka kumjua kila mteja. "Mama yangu, karibu, unatokea wapi? Unafanya kazi gani?" Nikangoja. Nilimpa nafasi, nikahesabu samaki wote wa meza ile. Basi nikamsemea mimi.

"Huyu anaosha maiti! Angalia sana mkono huo!"

Ismaily akaniangalia, akamwangalia yeye. "Mtani wako nini huyu, mama?"

"Mtani," Mwanamvua akasema.

Ismaily akacheka mpaka meza ikatikisika. Akajifuta magamba kwenye aproni, akamnyooshea mkono, akaushika wa Mwanamvua kwa mikono yake miwili, akautikisa sana, kama unavyotikisa mkono wa mama wa mtu yeyote yule. Mwanamvua akamwacha aushike. Alipouachia, hakuurudisha mahali pake. Aliushikilia hivyohivyo mbele yake, mtupu, mpaka tukafika kwenye pikipiki, na samaki nikabeba mimi.