Mwezi wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kujivuna, na sioni sababu ya kuficha. Enzi za Wabelgiji, katika mji mzima wa Kasongo, Waafrika tulioruhusiwa kuchungulia kwenye hadubini ya hospitali tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa na makengeza. Nilivaa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, soksi mpaka magotini, na nilipopita sokoni nilitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kunitazama. Hata hivyo, jambo ninalojivunia kuliko yote maishani si langu. Ni la mama mkwe wangu, mkulima wa mpunga wa kijiji kimoja upande wa Kabambare. Siku alipolifanya, mimi nilikuwa nimesimama kando yake, sina pa kuuweka uso.

Kazi yetu ilikuwa kusaka malale, ule ugonjwa wa usingizi. Kila kiangazi tulitoka Kasongo, daktari mmoja mzungu na sisi wasaidizi wake wawili, pamoja na wapagazi wa masanduku, tukapita kijiji baada ya kijiji. Watu walipanga mstari, kila mmoja na kadi yake mkononi, nasi tukawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Mwenye dalili nzito, hata kama tezi hakuwa nazo, alichomwa sindano ya mgongo, ambayo watu waliiogopa kuliko chui. Aliyetiliwa shaka alipelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, mbali na shamba lake, akapewa dawa iliyowaponya wengi na kuwapofusha wengine. Dalili zenyewe tulizikariri shuleni kama sala. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Hubadilika tabia, hukasirika bila sababu, hutupa nguo mbele za watu.

Kabla ya safari, kila chifu alituletea orodha ya watu wake waliotiliwa shaka. Mwaka huo nilipoifungua ya kijiji cha mke wangu, jina la pili lilikuwa la mama yake. Karani wa chifu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: anasinzia na ungo mapajani mpaka kuku wanakula mchele, amemtukana kapita, msimamizi wa mashamba, anatupa kitambaa cha mabegani na kujipepea wakati wenzake wanasikia baridi.

Niliisoma mara tatu. Hofu iliniingia, kwa kuwa kila neno lilikuwa dalili niliyoijua.

Hapa lazima niseme jambo la desturi yetu. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Akimwona anakuja huiacha njia, akaingia majanini mpaka apite. Hamgusi, hali chakula mbele yake, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na mitano, nami sauti ya mama mkwe niliijua vizuri, lakini uso wake nisingeweza kukueleza ulivyo.

Safari hiyo mke wangu alidai kufuatana nami, na sikuthubutu kumkatalia. Njiani mwenzangu wa makengeza alishikwa na homa, tukamwacha kijiji cha nyuma. Kwa hiyo mstari wote ulibaki kuwa wangu, pamoja na shingo ya mama mkwe.

Alipofika mbele yangu niliirudisha mikono mgongoni. Watu wakasogea kutazama, maana kila mmoja alijua yule ni nani kwangu. Daktari aliuliza kama nimelala wima. Mama mkwe akashusha kitambaa chake, akajifunika uso wote, akanyoosha shingo.

"Gusa," alisema. "Leo weye haiko mukwe. Weye ni munganga."

Niligusa. Shingo ilikuwa ya moto na imelowa jasho, ingawa asubuhi ile wengine walikuwa wamejikunyata kwa baridi. Tezi hazikuwapo hata moja. Nikashusha pumzi, nikadhani tumepona.

Lakini daktari alikuwa na ile orodha. Aliisoma, akakunja uso, kisha akaniambia kwa Kifaransa nimuulize mama kama bado anapata damu yake ya mwezi. Lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Kwa mwanamke ambaye damu yake imekoma, lile joto, kule kukesha na zile hasira vinaweza kuwa umri tu, mwili unajipanga upya baada ya kufunga uzazi. Shuleni mwalimu alitusomea habari hiyo kwa sentensi mbili, akakohoa, akafunua ukurasa mwingine. Siku hizi watu wana neno homoni. Sisi tulikuwa na kikohozi cha mwalimu.

Na mimi nimuulize mama mkwe habari za damu yake, mbele ya kijiji kizima? Afadhali nichomwe mimi huo mgongo. Ila daktari alikuwa anajua Kiswahili kidogo, cha kuokoteza neno hapa na neno pale, na nilijua anasubiri kusikia neno "mwezi". Basi nikaviangalia viatu vyangu, nikauliza:

"Mama, mupunga munapandaka mwezi gani?"

"Mwezi wa tisa," alijibu kwa mshangao. "Kila mwaka. Haijakosa hata mara moja."

Daktari akasikia mwezi, akasikia haijakosa. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kwamba damu ya mama huyu huja bila kukosa. Chini yake akaandika: sindano ya mgongo kesho asubuhi, kisha kambini. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nikamwita mtu aliyefuata.

Mchana nilimweleza mke wangu. Kwanza alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikakatika.

"Baba watoto, juu ya haya yako mama apofuke macho?"

"Ni desturi," nilisema.

"Mficha uchi hazai," alinijibu. "Na weye uko unaficha uchi wa mutu mwingine."

Akaniambia ambayo karani wa chifu hakuyaona. Mama yake alikuwa anajua vizuri kinachompata, na wanawake wakubwa wa kijiji walikuwa wameshamfunza. Alikwenda shambani alfajiri kukiwa bado kuna ubaridi, akamaliza kazi wakati karani yuko kitandani. Alioga mtoni jua likishuka. Alikula samaki na mboga za majani kwa wingi, akaacha pilipili na pombe ya ndizi, ingawa pombe aliipenda. Na kwa vile usiku usingizi ulimpaa, walimwambia alale adhuhuri bila kumwonea haya mtu. Kapita naye alitukanwa kwa sababu alimwamsha. Baada ya kunipa habari hizo mke wangu akajifunga kitenge, akaenda kwa mama yake.

Asubuhi niliamka nimeazimia kusema kweli, lakini mama mkwe aliniwahi. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya daktari, na wanawake wa kijiji nyuma yake. Safari hii hakujifunika.

"Mukwe," aliniita mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Geuza maneno yangu kwa Kifaransa. Usiache hata moja."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mwezi nilishaacha kuuona. Mvua mbili zimepita. Joto linanipanda, usiku silali, njo maana muchana nalala. Hii haiko malale. Huu ni uzee wangu." Akajipiga kifuani. "Mama yangu hakuufikia. Alikufa na mimba ndani ya tumbo. Mama yake pia, vile vile. Katika nyumba yetu mimi njo mwanamuke wa kwanza kufika huku. Sasa munataka kunitoboa mugongo juu ya kufika huku?"

Niligeuza yote. Aibu ilikuwa imeniacha. Nilikuwa nimemtazama usoni na sikuweza kuacha kumtazama, jinsi alivyosimama imara. Nikafikiri, huyu ndiye bibi wa watoto wangu, na kifua kikanijaa fahari.

Daktari alifungua daftari lake. Akauliza, basi jana alisema nini? Ikabidi nitafsiri na uongo wangu pia, mpunga na mwezi wa tisa na yote. Akawa mwekundu kwa hasira mpaka masikioni. Akaniondoa kwenye hadubini, akaniambia hadi mwisho wa safari nitabeba sanduku la chupa pamoja na wapagazi. Lakini alikata yale maandishi kwa mistari miwili, akanisukumia kadi niijaze mwenyewe. Niliandika kwa Kiswahili: Mzima. Damu imekoma kwa umri.

"Soma kwa nguvu," mama mkwe alisema.

Nikasoma. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba kuna mtoto amezaliwa, na mmoja akajitokeza na kadi yake. "Na mimi uniandike." Mwingine akamsukuma. Wakaja wenye mvi na wasio na mvi, wakibishana nani ametangulia kufika, na daktari akauliza kila mmoja kupitia kwangu, akasikiliza, ndipo nikaandika. Watatu kati yao walikuwa kwenye ile orodha ya chifu. Nilipoliona jina la wa tatu, kalamu ikasimama.

Nilikuwa nimepita vijiji vingapi kabla ya hapo? Wanawake wangapi wa umri ule niliwapitisha kwenye sindano, wakaenda kambini, kwa kuwa hakuna aliyewauliza na wao hawakuwa na ulimi wa mama mkwe wangu? Sijui. Nimewahi kumwambia mke wangu hilo, naye hakunituliza.

Sanduku la chupa nililibeba kichwani siku mbili, kaptula nyeupe na yote, mpaka kijiji kilichofuata. Huko mstari ulishapangwa. Mwanamke wa kwanza alikuwa mtu mzima, amekunja mikono, ananiangalia kwa jicho la ukali. Daktari akaniashiria nianze. Niliweka sanduku chini, nikamtazama, nikamuuliza wazi mbele ya wote:

"Mama, mwezi ungali unauona?"

Mstari ukaguna. Yeye alifungua kinywa, nikajua ni tusi linakuja. Kisha akakifunga, akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye soksi zangu zenye vumbi.

"Uniambie kwanza," alisema. "Ni weye mukwe wa yule mama?"

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ambayo hata wa mwisho mstarini aliisikia.

Basi akanijibu.