Kanuni za Kombe Letu la Mezani

Juzi basi letu liliharibikia Nyakanazi, nikalazimika kulala gesti. Pale mapokezi vijana wawili walikuwa wanacheza mpira kwenye simu, kila mtu na yake, hawatazamani wala hawabishani. Niliwaonea huruma, ingawa wao walikuwa wawili na mimi nilikuwa peke yangu. Maana mpira wa kukaa kitako, rafiki yangu, raha yake ni kubishania kanuni. Nayajua hayo, mimi niliyewahi kuandaa kombe zima.

Nililelewa na bibi kule Ntobeye. Mama alikuwa anapikia abiria mbali, anakuja sikukuu kwa sikukuu. Mtoto mwingine hakuwepo, basi nikishachota maji na kuchambua maharage nilikuwa naongea na kuku. Ndipo ikaja familia kutoka Burundi, ikalima shamba la jirani, na walikuwa na msichana wa rika langu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo bibi. Huyu anacheza?" Bibi alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Tulicheza mpira wa mezani kwa timu za zamani, zile bibi alizozitazama akiwa binti: timu ya misheni, timu ya wanunuzi wa kahawa, timu ya madereva wa malori. Kila mchezaji alikuwa kizibo cha soda, na namba ya ubora wake tulimpa kufuatana na masimulizi ya bibi. Unarusha dadu ya mti. Ikizidi namba ya beki, umempita. "Kipa wa misheni asipungue tano," bibi aliagiza, akainamia jiko kuficha uso. Tulimshuku, tukampa tano.

Kazi ilikuwa kanuni. Wa misheni walicheza pekupeku, madereva walikuwa na viatu. Haki iko wapi? Tulibishana hadi tukanuniana. Mwisho tukaamua kwamba mvua ikipiga bati kweli, wenye viatu wanapunguziwa moja, kwa sababu viatu vinabeba tope.

Kisha mwalimu akatuambia kwamba timu hupangwa kwa kura. Sasa sisi kwetu r na l zilikuwa kitu kimoja. Hata viazi tulikuwa "tunakura". Bibi akachemsha viazi vitamu, na aliyewahi kumaliza chake ndiye aliyechagua timu kwanza. Hakuna aliyetusahihisha. Hadi leo nikienda kupiga kura nausikia ulimi unaungua.

Fainali ikawa misheni yangu na madereva wake. Tukafungana bao moja moja, mama yake akamwita. Na wakati huo kisimani watu walishaanza kusema kwamba wale wageni watarudi kwao. Niliogopa sana. Nikajiaminisha kwamba hakuna anayeweza kuondoka fainali haijaisha, basi kila alipokuja nilileta kanuni mpya: mpira ukianguka chini ya meza, kizibo kikipinda, kuku akipita uwanjani.

"Sha, tutacheza lini?" aliniuliza. Kwao "sha" ni "rafiki yangu".

"Jumamosi," nikamjibu.

Jumamosi nilipanga vizibo mapema, bibi akachemsha viazi. Vikapoa. Nilipokwenda kwao nilikuta mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba, na majivu jikoni yamelowa. Hawakuwa wametuaga, nadhani naye alishindwa kuniambia.

Nikarudi, nikakaa mbele ya ile meza. Kanuni zote zile, na hatukuwa tumeweka hata moja ya mtu asiyetokea. Bibi akataka kunifariji kwa namna aliyoijua.

"Redioni mpinzani asipotokea wanasema ni ushindi wa mezani," alisema. "Kombe ni lako, mjukuu wangu." Akanisogezea lile kopo la maziwa tulilolipaka chokaa liwe kombe.

Sikulishika. Nililia, naye akaniacha nilie.

Bibi hayupo tena. Palipokuwa na nyumba ya jirani pana mahindi, na watoto wa pale hawajui hata kwamba misheni iliwahi kuwa na timu. Wakati mwingine najiuliza nani atanielewa nikisema mimi ni bingwa. Labda yule msichana tu, lakini habari hazikumfikia. Huko aliko, kama bado anakumbuka, anajua tuko sare.