Kwa Korongo wa Kirewa

Mama Nyadoi alinipigia simu nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Analima Kirewa, upande wa Tororo nchini Uganda, na chini ya shamba lake kuna kinamasi cha mafunjo ambamo korongo wenye taji la dhahabu hutaga.

"Auma, shemeji yangu ameanza kuchimba mtaro," alisema. "Anataka kutoa maji, apande mpunga. Mimi nasema wageni watakuja kulipa kuona ndege. Yeye anauliza, wako wapi?"

Utulivu ukanitoka. Mimi ni mwongoza watalii wa Busia, upande wa Kenya, na ndimi niliyempa tumaini hilo la wageni. Wakati huo nilikuwa na mgeni mmoja tu, Marta, mwalimu mstaafu aliyekuja kutazama ndege. Nilipomweleza, akaenda kufunga mkoba wake tuondoke kwenda Kirewa.

Mpakani malori yalikuwa yamesimama hadi sokoni. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena kuuliza mbona foleni haisogei. Kila nilipofumba macho niliona jembe likiingia matopeni.

Tulipofika Tororo, Marta aliomba kuupiga picha ule mwamba mkubwa juu ya mji. Nilisimama bila kuzima gari. "Wewe unafukuzwa na nani?" akaniuliza akicheka. Sikuweza kucheka naye.

Baada ya lami kulikuwa na barabara ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imeiharibu. Gari liliserereka mara kwa mara. Kirewa tulimkuta Mama Nyadoi amesimama njiani na kitenge kichwani. Nyuma yake, shemeji yake Owor alikuwa ndani ya mtaro, matope hadi magotini. Mtaro ulikuwa umebakiza hatua chache tu kufika majini.

"Karibuni," alisema Owor. "Hizi ndege zimekula mahindi yetu misimu yote. Sasa na zenyewe zilete kitu."

Marta alilipa kiingilio tulichokubaliana, na Mama Nyadoi akatuweka nyuma ya kichaka. Kwa darubini tulimwona korongo mmoja amelala juu ya kiota cha majani, taji lake likitikiswa na upepo. Marta alishika mdomo wake. Kisha akaninong'oneza kwamba atalipa mara mbili akisogezwa hadi karibu, apige picha ya mayai.

Nilitafsiri. Owor aliruka kutoka mtaroni. "Twende! Mimi napeleka yeye."

"Hapana," alisema Mama Nyadoi.

"Shemeji, ni mara mbili!"

"Nimesikia. Korongo akishtuka, anaacha mayai. Mgeni wa kesho atalipa aone nini, matope yako?"

Marta hakungoja tafsiri. Uso wa Mama Nyadoi ulimtosha. Aliona haya, akainuka, akarudi kwenye gari. Nilimfuata nikiwaza kwamba tumempoteza mgeni na kinamasi pia. Alikaa kitini, mlango wazi, mvua nyepesi ikimnyeshea miguu.

Hatimaye akauliza, "Ninapolipa kwenye mageti ya mbuga, mwenye mahindi yaliyoliwa hupata kitu?"

Nikamwambia wengine hupata, wengine hawajawahi kuona hata senti.

Alirudi kichakani, akakaa huko alasiri nzima. Korongo wa pili alishuka kupokea zamu kiotani. Wakainamiana vichwa, na Marta akasahau kabisa kamera. Tulipoaga, alimpa Mama Nyadoi ile mara mbili aliyokuwa ameitaja. Mama Nyadoi akamgawia Owor hapo hapo, mbele yetu.

Owor alizitazama zile noti, akautazama mtaro. "Nangoja hadi mavuno ya msimu huu tu," alisema. "Wageni wasipokuja, nachimba."

Njiani kurudi Busia, Marta alilala. Mimi nilishika usukani kwa nguvu kana kwamba barabara itanitoroka. Zamani niliamini mtalii hulipia kukaribia mnyama. Siku hiyo nilimwona mmoja akilipa bei ile ile kwa kukaa mbali, baada ya kumjua anayebeba hasara na kusikia "hapana" yake. Lakini mgeni mmoja hawezi kuzuia jembe. Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilikaa kizingitini nikaanza kuwapigia simu wageni wangu wa zamani, mmoja baada ya mwingine.