Ujia wa Mkungu Mmoja

Kiwanja changu pale Kayanga, nyuma ya soko, watu walikiita mkanda. Huku kimebanwa na ukuta wa duka, kule ukuta wa mashine ya kusaga. Waliokiona kabla yangu walikikimbia. Mimi nilikichukua huku nacheka, maana mtu aliyeanza kwa kubeba ndizi za watu begani, shule akaiachia darasa la nne, leo ana malori yake, hatishwi na wembamba wa ardhi.

Ramani niliichora mwenyewe, kwa kamba na vijiti. Vyumba nikavifuatanisha kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na ubavuni nikapitisha ujia mmoja, kutoka mlango wa barabarani hadi chumba chetu cha nyuma. Ubavuni huwezi kutoboa dirisha, utatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo katikati niliacha ua mdogo usioezekwa, jua na hewa vishuke humo. Makabati niliyazamisha ukutani. Na upana wa ujia? Nilijitwika mkungu wa ndizi nikapita kati ya kamba. Haukugusa popote.

"Hapo hapo," nikamwambia fundi.

"Bosi, ungekuwa na cheti wewe ungetunyima kazi," akasema. Na ni kweli.

Nyumba ile niliijenga hasa kwa ajili ya mama mkwe. Aliishi peke yake Bugomora, mvua zilizopita akateleza na kuanguka mgombani, na tangu hapo mke wangu hakuwa na raha. Tulipohamia tu, mke wangu akamfuata na gari.

Akafika na furushi lake, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso, akasimama kwenye mdomo wa ujia. Na mimi ndio kwanza nilikuwa natoka ndani.

"Shikamoo mama," nikasema, nimegeukia ukuta.

Akamwambia binti yake, "Mwambie mumeo marahaba. Halafu muulize, tukikutana humu, nani atapanda ukutani?"

Wanangu wakaangua kicheko. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani hata nguo. Nilikuwa nimepima ujia kwa mkungu, nikasahau kuwa mkungu hauna mkwe.

Hakuingia chumbani kwake ila nikiwa nimetoka. Mchana alikaa barazani, furushi liko miguuni, halijafunguliwa. "Mwanangu, nyumba nzuri," alimwambia mke wangu, "ila mimi narudi kwangu. Kule njia ni nyingi."

Wengine wangebomoa ukuta. Ukuta wa kubomoa sina: upande mmoja wa ujia ni wa jirani, upande wa pili ni wa vyumba, navyo ni vyembamba tayari. Nikasimama uani nikafikiri, nikamwita fundi. Dirisha la chumba chetu, linalotazama kichochoro cha nyuma, tukalishusha hadi chini likawa mlango. Stoo iliyo jirani na chumba cha mama ikawa choo na bafu lake. Kuanzia barabarani hadi uani ni kwake na wajukuu, kuanzia uani kwenda nyuma ni kwangu. Anakula sebuleni, mimi nakula uani, na mke wangu anazunguka kote kama malkia.

Siku ya kwanza kuingia kwa nyuma, mwenye mashine ya kusaga aliniona.

"Mzee, umejenga nyumba kubwa hivyo halafu unaingilia kichochoroni kama mwizi?"

"Mwizi gani ana ufunguo?" nikamjibu. "Wewe una mlango mmoja, mimi nina miwili. Nani tajiri?"

Nikafungua, nikaketi uani kungoja chai. Kutoka mbele nikasikia sauti ya mama mkwe, ya kumwamrisha mjukuu, jinsi mtu anavyoongea akiwa kwake. "Hiyo shuka weka juu. Kanga zangu weka chini, nizifikie."

Mke wangu akaja na chai, akainama sikioni kwangu.

"Amefungua furushi," akasema.